Mvinyo wa Mizabibu Mikongwe ya Italia, Mwaka wa Joto Kali: Namna ya Kuuchagua na Kuumimina Ukiwa Dar

Chukua chupa ya Primitivo, mvinyo mwekundu wa kusini mwa Italia, ya mizabibu mikongwe, mavuno ya 2017, asilimia 15 ya kilevi. Ukiimimina Dar mwezi wa Februari kama ilivyotoka kwenye rafu, itamchosha mgeni kabla chakula hakijafika. Kilevi kitampanda puani, utamu wa tunda utamkaa kooni, na baada ya nusu glasi atakuita: "Dada, huu mzito, niletee bia." Mvinyo uleule ukipozwa robo saa na kuwekwa mbele ya mbuzi wa kuchoma, utamfanya aulize jina lake na aliandike kwenye simu.

Nimekulia Dodoma katika nyumba ya wakulima wa zabibu, na kwa muda mrefu sasa kazi yangu iko Dar: kuchagua mvinyo wa mgahawa mmoja upande wa Msasani na kuwafundisha wahudumu wapya kuufungua, kuuonja na kuueleza. Somo la mwaka wa joto nalipenda kuliko mengine yote, kwa sababu jua la kule Italia na jua la huku vinakutana ndani ya glasi moja. Mzabibu mkongwe umepambana kiangazi kizima kuokoa asidi kidogo ndani ya tunda. Asidi hiyo ndiyo uhai wa mvinyo, ule mchonyoto pembeni mwa ulimi unaokufanya utake kumeza tena. Sisi huku tunaweza kuifunika kwa dakika ishirini tu za joto mezani. Kwa hiyo kila ninachoeleza hapa kina shabaha moja: kuitafuta asidi hiyo dukani, kisha kuilinda mpaka inafika mdomoni.

Anza shambani

Sisi tukiwa kwenye kipupwe, Juni hadi Agosti, kusi inavuma na watu wa Kimara wanavaa sweta asubuhi, Italia iko katikati ya kiangazi chake. Ndiyo miezi ambayo zabibu hunenepa, hugeuka rangi na kujaa sukari. Kusini mavuno huanza mwishoni mwa Agosti. Milimani huendelea Oktoba, hata Novemba. Ukisikia mtu anasema "mwaka wa joto", anazungumzia miezi hiyo. Mwaka 2003 sehemu kubwa ya Ulaya iliungua. Mwaka 2017 ulianza na baridi kali ya Aprili iliyoua machipukizi, ukaja ukame, halafu Agosti likapiga wimbi la joto ambalo magazeti ya Italia yaliliita Lucifero. Mwaka 2022 mto Po, mkubwa kuliko yote nchini humo, ulipungua mpaka vichanga vya katikati vikaonekana.

Jani la mzabibu likipata joto la nyuzi 35 na kuendelea, hufunga vitundu vyake ili lisipoteze maji. Likishafunga, usanisinuru hupungua sana na mmea unakaa kusubiri jua lishuke. Ndani ya tunda, hata hivyo, kazi haisimami. Asidi ya maliki, ileile inayolifanya tufaha bichi liwe kali, huliwa na upumuaji wa tunda lenyewe, na joto likizidi huliwa upesi zaidi. Asidi ya tartariki ni mvumilivu, ndiyo inayobaki. Maji nayo yanatoka, kwa hiyo sukari iliyomo inakolea. Rangi ya ganda hujengwa vibaya joto likipindukia, na ndiyo sababu mwaka mkali hautoi lazima mvinyo mweusi zaidi, jambo ambalo wateja wengi hawalitarajii.

Kinachomuumiza kichwa mkulima ni kwamba sukari na ganda haviivi kwa mwendo mmoja. Sukari inakimbia, ganda na mbegu vinabaki nyuma, bado vina tanini mbichi, ule ukakasi unaokausha fizi. Kila gramu 17 hivi za sukari kwenye lita moja ya maji ya zabibu huzaa asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo zabibu zenye gramu 255 zitatoa mvinyo wa asilimia 15. Akivuna mapema kuokoa asidi, anapata ukakasi wa bibo ambalo halijaiva. Akisubiri tanini zilainike, kilevi kinapanda na asidi inaendelea kuyeyuka. Baba yangu mdogo, ambaye mpaka leo analima Dodoma, hapimi kwa macho: anatoa mbegu, anaitafuna. Ikiwa ya kijani na inanata kwenye meno, anasubiri. Ikiwa ya kahawia na inavunjika kavu, anaita watu wa kuvuna. Wakulima wa Italia wanafanya hivyohivyo, hata wale wenye maabara.

Asidi ikishuka kuna hatari nyingine inayoendelea hata kwenye pipa: bakteria wanapata nafasi, na salfa inayowekwa kulinda mvinyo inafanya kazi kwa unyonge. Sheria za Ulaya zinaruhusu kuongeza asidi ya tartariki katika kanda za joto kama kusini mwa Italia. Sioni kosa katika hilo likifanywa kwa mkono mwepesi na mapema. Likifanywa hovyo utalisikia: mchonyoto unakuja peke yake mbele ya ulimi, tunda linafuata baadaye, kama watu wawili wasiosalimiana.

Kwa nini mzabibu mkongwe hufaa mwaka kama huo

Mzabibu wa miaka mitano una mizizi mingi karibu na juu, na juu ndiko udongo unakokauka kwanza. Uliokaa miaka 50 au 80, ukiwa mahali pazuri, umeshapenya nyufa za mwamba mita kadhaa chini, kwenye unyevu ambao wiki tatu za jua haziumalizi. Shina lake nene na mizizi minene vina akiba ya wanga. Vishada ni vichache na zabibu zake mara nyingi ni ndogo, kwa hiyo hauna mzigo mkubwa wa kuivisha. Unaenda polepole na kwa utulivu, na utulivu huo ndio unaopunguza ile mbio ya sukari kuliacha ganda nyuma.

Kwetu Dodoma hali ni tofauti sana. Mzabibu wetu haupati majira ya baridi ya kulala. Tunaupogoa mara mbili kwa mwaka na kuvuna mara mbili. Wa Puglia, kusini mwa Italia, hulala miezi ya baridi, na majani yake kabla ya kuanguka hurudisha chakula kwenye shina. Mara ya kwanza nilipoelewa jambo hilo niliutazama mzabibu wa nyumbani kwa heshima kubwa zaidi, maana unafanya kazi bila likizo.

Halafu kuna umbo. Mizabibu mingi mikongwe ya kusini mwa Italia haijatandazwa kwenye waya. Imepogolewa ikae yenyewe, fupi, kama kichaka, mtindo unaoitwa alberello. Majani yanaanguka pande zote na kuvifunika vishada, kwa hiyo jua la saa nane mchana halizipigi zabibu moja kwa moja. Kwenye waya, mkulima aliyezoea kupunguza majani ili hewa ipite anaweza kujikuta amezianika zabibu zake zikaungua upande mmoja. Wenye busara mwaka wa joto huacha majani, au hunyunyiza kaolini, udongo mweupe unaorudisha mwanga. Mashamba ya alberello yamepungua sana: hayaingii trekta kirahisi, yanavunwa kwa mkono, na mwishoni mwa karne iliyopita Ulaya iliwalipa wakulima wang'oe mizabibu ili kupunguza mvinyo uliokuwa unazidi sokoni. Yaliyobaki ni ya watu waliokataa hela hiyo. Nawaheshimu sana.

Lakini umri peke yake si dawa. Ukame ukipitiliza, hata mkongwe huacha kuivisha. Na mzabibu mkongwe uliopandwa bondeni kwenye udongo mnene unaomwagiliwa kila wiki hauna sababu ya kupeleka mizizi chini. Isitoshe, sheria ya Italia haisemi ni miaka mingapi inampa mtu haki ya kuandika vigne vecchie, yaani mizabibu mikongwe, kwenye lebo. Shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo, OIV, lilikubaliana mwaka 2024 kwamba mzabibu mkongwe ni ule wenye miaka 35 au zaidi iliyothibitishwa, ila makubaliano hayo si sheria ya lebo. Afrika Kusini wana muhuri wao wa miaka 35 unaobandikwa shingoni mwa chupa pamoja na mwaka wa kupandwa shamba. Chupa hizo zinafika Dar na zinanifurahisha. Kwa chupa ya Italia, geuza nyuma. Mzalishaji anayejivunia shamba lake ataandika mwaka wa kupanda, jina la shamba, au angalau neno alberello. Akiwa ameandika "mizabibu mikongwe" kwa herufi za dhahabu na nyuma hakuna lolote, mimi hurudisha chupa kwenye rafu.

Ni zabibu gani zinazostahimili

Primitivo ya Manduria, Puglia, ndiyo utakayoikuta kwa wingi madukani Dar, kwa hiyo nitakaa nayo. Udongo ni mwekundu juu ya chokaa, nchi ni tambarare, bahari iko jirani. Zabibu hii huiva mapema, na kwa kuwa inaiva mapema inaukuta mwisho wa Agosti ukiwa bado wa moto. Tena haiivi sawasawa: ndani ya kishada kimoja utaona punje zilizoanza kunyauka zikawa zabibu kavu na punje nyingine bado za kijani. Mwaka wa joto kali punje kavu zinazidi, na zinabeba sukari nyingi isiyoonekana mpaka zikishaloweka kwenye pipa. Mzalishaji aliyetarajia asilimia 14 anajikuta na 16. Hamira nayo hushindwa kumaliza sukari kilevi kikiwa juu hivyo, sehemu inabaki tamu. Utamu kidogo katika Primitivo ni jambo la kawaida na watu wengi wanaupenda. Ninaukubali pale ambapo kuna asidi ya kuusimamisha.

Kanuni za Primitivo di Manduria haziruhusu mvinyo wake wa kawaida kushuka chini ya asilimia 13.5. Mwaka wa joto, nikiona 14 au 14.5 kutoka kwenye mizabibu mikongwe, nafurahi: mtu amevuna kwa wakati na amechambua punje. Lebo za Ulaya huandika nambari kamili au nusu, basi usishangae kutoona 14.3. Ikifika 15.5, nauliza kwanza nani ametengeneza. Jambo moja zuri la Primitivo ni kwamba hutoa vishada vya pili kwenye matawi ya pembeni, vinavyoiva wiki kadhaa baada ya vile vya kwanza, wakati usiku umeshaanza kupoa. Mkulima mwenye subira anaweza kuvitumia kurudisha uhai uliopotea Agosti.

Etna, Sicilia, ni habari nyingine kabisa. Nerello Mascalese hupandwa kwenye mteremko wa volkano hai, mashamba mengine yakipanda hadi karibu mita 1,000. Mchana ni wa jua, usiku unakuwa wa baridi, na ubaridi wa usiku ndio unaopunguza kasi ya asidi kuliwa. Mchanga wa volkano humpa shida filoksera, mdudu wa mizizi aliyeiteketeza mizabibu ya Ulaya karne ya 19, kwa hiyo kuna mizabibu ya zaidi ya miaka 100 iliyosimama kwenye mizizi yake yenyewe. Mavuno ni Oktoba, joto likiwa limepita. Mvinyo ni mwepesi wa rangi, mteja anayependa "mweusi" atalalamika akiuona, kisha atanyamaza akiuonja. Kwa hali ya hewa ya Dar, kama mfuko unaruhusu, chupa ya Etna ya mwaka wa joto ndiyo ningekushauri kabla ya zote.

Barbera ya Piemonte, kaskazini, kwa asili ina asidi nyingi na tanini kidogo. Mwaka wa baridi na mvua kama 2014 kule, inaweza kukuuma fizi. Mwaka wa joto unaijaza nyama bila kuumaliza mchonyoto wake. Tafuta Barbera d'Asti, au Nizza, eneo lililopata daraja lake la DOCG, la juu kabisa kwa mvinyo wa Italia, kwa mavuno ya 2014. Bei yake mara nyingi ni ya kiungwana.

Aglianico ya Taurasi na Vulture, kusini, huvunwa kwa kuchelewa sana na ina tanini nzito. Inunue ikiwa imeshakaa miaka kadhaa. Carignano ya Sulcis, Sardegna, hukua kwenye mchanga karibu na bahari, mingi ni alberello ya zamani. Ukiiona Dar, usiiache.

Dukani

Joto la pili huipata chupa baada ya kutoka Italia, na hili hakuna mzabibu unaoweza kulizuia. Kontena likikaa juani, mvinyo hutanuka na kusukuma kizibo. Pitisha kidole juu ya kifuniko cha chupa: kama kizibo kimeinuka kikakuvimbia kidoleni, acha. Angalia shingo kama kuna alama ya kunata au mchirizi uliokauka. Jaribu kuzungusha kifuniko taratibu. Kikigoma kabisa, huenda mvinyo umevuja ukakiganda. Linganisha usawa wa mvinyo kati ya chupa na chupa za aina moja, iliyopungua iache.

Tazama pia chupa inakaa wapi. Rafu inayopigwa na jua la jioni, juu ya friji ya soda ambako mota inatoa joto, dirishani kwa ajili ya mapambo, zote hizo ni sehemu mbaya. Muulize muuzaji kwa adabu, "Kaka, AC mnaiacha usiku?" Maduka mengi huizima saa mbili wakifunga, na chumba kinarudi nyuzi 29 mpaka asubuhi. Kupanda na kushuka huko kila siku kunaichosha chupa. Mimi hununua pale mzigo unapokuwa umeingia karibuni, na huomba chupa kutoka kwenye boksi lililo stoo, si ile iliyosimama rafuni.

Ukifika nyumbani, kama huna friji ya mvinyo, usinunue ya kukaa nayo mwaka. Weka chini kabisa ya kabati katika chumba kisichopata jua la mchana, imelala, ndani ya boksi lake. Ukijua utakaa nayo zaidi ya mwezi mmoja, ni heri uilaze chupa kwenye droo ya chini ya friji ya kawaida. Mvinyo wa mwaka wa joto hauhitaji kuzeeshwa sana; tunda lake liko wazi tangu mapema.

Kupoza

Hapa ndipo mahali ninapowasumbua zaidi vijana wangu. Vitabu husema mvinyo mwekundu unywewe kwa "joto la chumba", na chumba kilichokusudiwa ni cha nyumba ya mawe ya Ulaya, nyuzi 17 au 18. Chumba cha Dar ni 30. Katika joto hilo kilevi kinaruka puani, na asidi inazama chini ya utamu. Mvinyo wa asilimia 14 au 15 nautaka ufike mezani ukiwa nyuzi 14 au 15, kwa sababu utapanda wenyewe ndani ya dakika chache. Etna na Barbera zinaweza kuanzia 13.

Njia ya haraka ni ndoo. Tia barafu nusu, kisha maji ya baridi mpaka shingoni mwa chupa. Barafu tupu haipozi vizuri kwa sababu hewa inabaki katikati ya vipande. Maji ndiyo yanayoshika chupa pande zote. Ongeza konzi ya chumvi kama una haraka. Robo saa inatosha kuitoa chupa nyuzi 30 hadi karibu 15. Izungushe mara mbili tatu ili mvinyo wa katikati upoe pia. Kwenye friji, hesabu muda wa kama masaa mawili. Umeme ukikatika, na unakatika siku ambayo una wageni, uwe na mfuko wa barafu wa akiba kwenye friza.

Usidanganywe na jasho la chupa. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi kiasi kwamba chupa hutoka jasho hata ikiwa bado nyuzi 20. Kipimajoto cha jikoni kwenye glasi ya kwanza kitakuambia ukweli.

Mimina kidogo, robo ya glasi, na ongeza mara kwa mara. Chupa irudi kwenye ndoo yenye maji na barafu chache, itoke, irudi. Glasi zisiwe zimetoka kwenye maji ya moto dakika hiyo. Kama mvinyo unahitaji hewa, umimine kwenye jagi lililokaa kwenye friji, na jagi lenyewe liketi ndani ya bakuli la barafu. Nusu saa inatosha kwa Primitivo. Aglianico iachie zaidi.

Mgeni mtu mzima akiomba vipande vya barafu ndani ya glasi, simwonyeshi sura ya kushangaa. Namwambia, "Mzee, niruhusu niipoze chupa dakika tano, barafu isije ikaukata ladha." Karibu wote wanakubali. Asipokubali, namletea barafu, maana kinywaji ni chake.

Kuonja: joto la shamba au joto la kontena?

Hili ndilo swali gumu na ndilo lenye faida kubwa kulijua. Yote mawili yanaleta harufu ya tunda lililoiva sana: plamu kavu, tini, jemu. Tofauti iko katikati na mwishoni. Chukua funda dogo, lizungushe, meza, kisha subiri bila kusema. Mvinyo wa mwaka wa joto kutoka mzabibu mkongwe utaacha mate yakitoka pembeni mwa ulimi. Kuna chumvi kidogo, kuna mitishamba, pengine harufu ya ardhi iliyonyeshewa, na tunda lina tabaka: bichi kidogo, lililoiva, lililokauka. Ladha inabaki kitambo baada ya kumeza. Uliopikwa na kontena una tabaka moja tu, sukari guru na tunda lililochemshwa, halafu unakatika ghafla. Ukiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, ukingo wa mvinyo wa miaka mitatu minne unaonekana wa kahawia kabla ya wakati wake. Huo rudisha dukani siku hiyohiyo pamoja na kizibo na risiti.

Angalia pia koo. Ukisikia moto unashuka baada ya kumeza wakati mvinyo uko nyuzi 15, kilevi kimezidi tunda, hakuna la kufanya isipokuwa chakula. Ukisikia ukakasi unaokausha fizi huku mvinyo ni mtamu na wenye kilevi, hiyo ndiyo ile hadithi ya sukari iliyokimbia na mbegu iliyobaki mbichi. Mwaka 2017 ulitoa chupa nyingi za namna hiyo kwenye mizabibu michanga, na kuziweka kando ya chupa ya mkongwe wa mwaka huohuo ndilo funzo bora ninalowapa wahudumu. Wakishaonja zote mbili, sihitaji kueleza mizizi tena.

Chakula

Pilipili ndiyo ya kuangalia kwanza. Kilevi kikubwa huzidisha moto wa pilipili, kwa hiyo Primitivo ya asilimia 15 na mishkaki iliyopakwa pilipili mbuzi ni ugomvi. Omba pilipili iwekwe pembeni. Mbuzi wa kuchoma wenye mafuta na chumvi tu, hapo Primitivo inatulia, mafuta yanalainisha tanini na kilevi kinajificha. Ndizi nyama nzito ya jioni, vivyo hivyo.

Kachumbari yenye ndimu nyingi ina asidi kuliko mvinyo wowote wa mwaka wa joto, na ukila pamoja mvinyo utaonekana umelala. Sisemi uache kachumbari. Mwambie mpishi apunguze ndimu, au chagua Barbera, ambayo ina mchonyoto wa kujibu. Barbera hiyohiyo ndiyo naipenda na kitimoto ya kukaanga, na pilau ya ng'ombe yenye bizari nyembamba, mdalasini na iliki.

Samaki? Etna, iliyopozwa hadi 13. Jodari wa kuchoma kwenye mkaa, pweza wa kuchoma, hata changu wa kupaka mradi pilipili si nyingi, kwa kuwa nazi ina utamu wake na Nerello haiongezi mwingine. Primitivo na mchuzi wa nazi sijapata kuvipatanisha.

Mvinyo ukibaki, usiuache kwenye chupa iliyo nusu juu ya kaunta. Kwa joto letu asubuhi utakuta umeanza kugeuka siki. Uhamishie kwenye chupa ndogo safi, ujae mpaka juu, funga, weka kwenye friji. Siku tatu utakuwa bado mzuri, na Primitivo yenye utamu kidogo huvumilia hata siku ya nne. Utoe friji dakika ishirini kabla ya kunywa. Baada ya hapo unafaa jikoni: kikombe kimoja kwenye nyama ya ng'ombe yenye mifupa, pamoja na nyanya na kitunguu saumu, moto mdogo mpaka nyama iachane na mfupa.